Mnyang'anye Hiyo Bisibisi

Ukimwona mtu amesimama mbele ya boti kuukuu ya tanga, bisibisi mkononi, akisema "ah, ni skrubu tu imelegea," mnyang'anye hiyo bisibisi. Usimwombe, mnyang'anye. Mkalishe kivulini, mpe dafu, mwambie atulie hapo mpaka hamu ya kukaza impite. Mtu huyo ni hatari kuliko upepo wa kusi. Kusi angalau huja na onyo.

Nasema hivi kwa sababu mtu huyo nilikuwa mimi, na nilichofanya kilivunja mfupa wa mtoto wa wenyewe.

Wacha nieleze boti zenyewe kwanza, maana najua wengine mnasoma hii mkiwa kwa matatu Thika Road na bahari mliiona mara ya mwisho kwa safari ya shule. Nazungumzia zile boti ndogo za kujifunzia na kushindania, urefu wa mita nne hivi, mlingoti mmoja, matanga mawili, watu wawili ndani. Si mashua, si ngalawa. Hizi zilichorwa Uingereza. Enterprise ilichorwa na Jack Holt mwaka wa 1956. Mirror, ya Holt huyohuyo akishirikiana na Barry Bucknell, ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Boti za namna hii zililetwa huku na watu wa klabu enzi hizo, nyingine zikaja baadaye kama mitumba mingine yote. Hata Nairobi Dam, pale palipofunikwa na magugumaji, wazee watakuambia kulikuwa na matanga wikendi. Zilizobaki nchini nyingi zina umri wa kuwa mama yako, na zingine nyanya yako.

Juu ya boti hizi kuna sitaha, na sitaha ni plaiwudi nyembamba, mara nyingi milimita 4 hadi 6. Juu ya sitaha kuna vyuma: bamba la omo linaloshika waya wa mbele wa mlingoti, makapi ya kamba, vishikizo vya kufungia kamba hizo. Ni vyuma vidogo, vingine vinatoshea kwa kiganja, na hakuna anayevipiga picha. Lakini upepo husukuma tanga, tanga huvuta kamba na waya, waya huvuta chuma, na chuma huvuta skrubu nne zilizozama kwa mbao isiyozidi unene wa penseli. Nguvu yote ya boti inapitia hapo.

Mimi si mtu wa bahari. Nimezaliwa Umoja, nikaenda chuo kusomea uhandisi, nikatoka mwaka wa tatu. Karo iliisha kabla ya hamu ama hamu iliisha kabla ya karo, inategemea unamuuliza nani, mimi ama mamangu. Nilishuka Kilifi kuandika makala ya wiki mbili, nikakaa miaka miwili. Klabu moja ndogo ya boti za tanga, ambayo siitaji jina, ilikuwa inatafuta kijana wa mkono: kuosha boti, kuzishusha majini, kukaza vitu vilivyolegea. Neno walilotumia lilikuwa hilohilo, kukaza. Nikaona hiyo kazi ni rahisi kuliko kuandika, na inalipa siku hiyohiyo, tofauti na wahariri fulani ninaowapenda sana.

Mwezi wa saba, kusi ikiwa imekolea, niliona bamba la omo la boti moja linacheza. Ukilishika linainuka kidogo, kama jino la mtoto. Skrubu nne, zote zinazunguka bila kuuma. Nikafanya ile kitu kila mtu hufanya. Nikazitoa, nikasokomeza vijiti vya kiberiti kwenye matundu na gundi ya mbao, nikarudisha skrubu nene zaidi, nikazungusha silikoni nyeupe pande zote na kuilainisha kwa kidole chenye mate. Ilikaa safi. Mwenyekiti akapita, akaligonga bamba kwa funguo za gari, akasema, "Sasa hiyo ndiyo kazi." Nilifurahi siku nzima.

Siku 11 baadaye boti ile ilikuwa na watoto wawili, mvulana wa miaka 15 na msichana wa 14 aliyeshika usukani. Walikuwa wanakwenda joshi, matanga yamekazwa kabisa, na hapo ndipo waya wa mbele huvuta kwa nguvu zaidi. Nilikuwa ufuoni. Nilisikia sauti kama mtu amevunja muwa. Bamba liling'oka, mlingoti ukalala nyuma, na ule mti wa chini wa tanga ukampiga msichana begani. Mtulinga ukavunjika. Boti ikapinduka. Wote walikuwa na maboya, na yule mvulana alikishika kichwa cha mwenzake juu ya maji mpaka wavuvi wawili wa mtumbwi wakawafikia kwa kasia. Boti yetu ya uokoaji ilikuwa bado inavutwa kamba, mashine inakohoa.

Mfupa ulipona. Msichana hajarudi. Hospitalini mamake aliniuliza swali moja tu: "Wewe ndiwe fundi?" Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo wangu wa pili. Wa kwanza ulikuwa ile silikoni.

Na klabu ilifanya nini? Iliagiza bamba jipya, linang'aa. Nikaambiwa nilifunge inchi mbili nyuma ya pale pa zamani, "kwa mbao ambayo haijatobolewa," na skrubu ndefu zaidi. Kuhusu lile shimo lililoachwa na bamba la kwanza, nikapewa kopo la filla ya magari.

Hapo ndipo nilipoacha kujilaumu peke yangu nikaanza kukasirika. Kosa langu lilikuwa la mjinga. Hili la pili lilikuwa la watu waliokuwa wamemwona mtoto akibebwa mchangani, na bado walitaka kukaza.

Nilikataa. Nikachukua lile bamba lililong'oka, likiwa bado limeshikilia kipande cha sitaha, nikalifunga kwa gazeti nikapanda bodaboda hadi Takaungu. Kuna mzee pale anaunda na kukarabati mashua za wavuvi. Tulikuwa tukimwita klabuni kila mwaka kabla ya mashindano. Kupaka rangi. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza lolote jingine.

Alilifungua gazeti, akakiminya kile kipande cha mbao kwa vidole viwili. Maji yakatoka. Maji, jamani, kwa mbao iliyokaa kavuni siku tatu. Ilikuwa imelainika kama mandazi yaliyosahaulika kwa chai.

"Mwanangu," akasema, "hii skrubu yauma nini hapa?"

Nikanyamaza.

"Yauma uji. Sasa wewe wataka kuipa meno makubwa zaidi. Yaume uji zaidi?"

Nilisoma chuoni semesta mbili nzima kuhusu nguvu na mkazo, nikachora mishale kwa karatasi za miraba mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna siku hata moja mtu alinipa kipande cha mbao nikiminye.

Ukweli ni huu, na nauweka wazi ili mtu asiseme hakuambiwa: skrubu ikilegea kwa boti ya zamani, mara nyingi skrubu haina kosa. Kilichobadilika ni mbao. Mahali pale chuma kinapokutana na sitaha palizibwa siku ya kwanza, lakini chuma hucheza kidogo kila upepo unapopiga, muhuri ukapasuka, na maji ya chumvi yakateremka kando ya skrubu. Ndani ya tundu la skrubu mbao haina rangi wala vanishi. Imekatwa, iko uchi, inanyonya kama mrija. Chumvi ikibaki ndani inaendelea kuvuta unyevu wa hewa hata boti ikiwa nchi kavu, na Pwani hewa yetu si ya kukausha kitu. Baada ya miaka tabaka za plaiwudi zinaachana, kuvu inaingia, mbao inageuka uji, na skrubu inaanza kuzunguka. Kulegea huko ni taarifa. Ndiyo njia pekee boti iliyo nayo ya kukuambia kuna kitu kimeoza pale usipoona. Na sisi tunafanya nini na hiyo taarifa? Tunaiziba mdomo.

Silikoni ya bafuni ndiyo adui namba moja. Kwa kigae na kioo sina neno nayo. Kwa sitaha inayobeba nguvu, inabanduka kimyakimya upande mmoja, maji yanaingia chini yake, halafu hiyohiyo silikoni inayazuia yasikauke. Umetengeneza bwawa dogo juu ya skrubu. Na ukija kuitoa inaacha utelezi usioonekana ambao rangi haikamati na ipoksi haikamati, mpaka upige msasa ule mbao yenyewe. Filla ya magari nayo ilitengenezwa kuficha bonde la mlango wa Probox. Inanyonya maji, inapasuka, haina nguvu ya kushika uzi wa skrubu. Vijiti vya kiberiti ni sawa kwa bawaba ya kabati ya nyanya. Kabati ya nyanya haiendi joshi.

Halafu kuna skrubu zenyewe. Zile za hadiwea za rangi ya manjano zinaota kutu kabla hujamaliza kulipa deni. Za shaba ya njano zinapoteza zinki yake kwa maji ya chumvi, zinageuka waridi ndani na kukatika kama biskuti. Hata ile isiyoshika kutu, ambayo watu huinunua wakajiona wamemaliza, inahitaji hewa ili ijilinde. Ikizama kwa mbao yenye maji, bila hewa, inaliwa kwa matundu madogomadogo. Nimetoa skrubu ambayo kichwa kinang'aa kama cha duka na shingo imebaki nyembamba kama njiti. Kama ni lazima ununue, tafuta ya daraja la 316, inavumilia chumvi kuliko 304. Lakini hata 316 ukiipanda kwenye uji, umepanda kwenye uji.

Basi kinachotakiwa ni nini? Kufungua, na hapo ndipo ugomvi wangu na klabu ulipo hadi leo.

Boti hizi zina vyumba vya hewa vilivyofungwa, omo na kandokando, ndivyo vinavyoifanya ielee ikipinduka. Vyuma vingi viko juu ya vyumba hivyo. Kwa hiyo ukitaka kuona mbao iliyo chini ya bamba huwezi, mpaka ukate tundu jipya kwa ukuta wa chumba ambao hauna tatizo lolote, tundu la mviringo la kupitisha mkono, ulizibe baadaye kwa kifuniko cha plastiki cha kuzungusha. Vifuniko hivi vipo, vimetengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini mwambie mwenye boti unataka kutoboa sehemu nzima ya boti yake ili utibu sehemu mbovu, uone uso wake. Mwenyekiti wetu aliniambia nitaiharibu sura. Sura! Ile ya mtoto aliyebebwa mchangani sijui aliionaje.

Tulikata. Mimi na mzee wa Takaungu, siku ambayo kamati ilikuwa Nairobi kwa harusi. Sitasingizia kwamba tulikuwa na ruhusa. Nilipotia mkono ndani ya chumba cha omo nilipata maji ya kujaza sufuria ya chai, na chini ya sitaha, pale bamba lilipokuwa, kibao ambacho mjenzi wa kwanza alikibandika ili skrubu zipate kitu cha kuuma. Kibao kilikuwa kimebanduka zamani, gundi imekufa, kinaning'inia kwa kona moja. Zile skrubu zangu nene hazikuwa zimekigusa kabisa. Nilikuwa nimekaza bamba kwenye milimita 5 za plaiwudi iliyooza, na juu yake nikapaka silikoni, na juu ya silikoni nikapokea pongezi.

Kama ningekata lile tundu mwezi wa saba ningeliona hilo kwa dakika moja.

Kutoka hapo kazi ni ya subira tu, si ya miujiza. Osha kwa maji matamu kwanza, mara mbili tatu, utoe chumvi, la sivyo mbao haitakauka ukiisubiri hadi Krismasi. Halafu anika. Wale wa YouTube wanakuambia washa taa ya joto ndani ya gereji. Sisi tunalo jua la bure, ila usiku funika, maana umande wa Kilifi unarudisha kwa masaa sita kile jua lilichotoa mchana kutwa. Tulianika siku tisa. Kila asubuhi mzee aligonga sitaha kwa mpini wa bisibisi, hii kazi ya bisibisi naikubali, akisikiliza. Mbao nzima hulia "ko." Iliyooza hulia "pu." Alizungushia penseli pale "ko" ilipogeuka "pu," na hiyo ndiyo mipaka tuliyokata. Uozo wenyewe ulikuwa upana wa sahani ya chai. Boti yote iliyobaki ilikuwa nzima. Kumbuka hilo unaposikia mtu akisema boti ya zamani haifai kutengenezwa.

Tukaweka kiraka cha plaiwudi mpya ya baharini, kingo zimechongwa mshazari ili gundi ipate eneo pana la kushika. Chini yake tukabandika kibao kipya cha mvule, kipana kuliko bamba pande zote, pembe zimeviringwa. Ipoksi ndiyo iliyoshika vyote. Na hapa nitoe ushauri kwa gharama ya kikombe changu: ipoksi ukiikoroga nyingi kwa mpigo kwa joto letu, inachemka yenyewe. Nilikoroga nusu kikombe cha mtindi saa sita mchana, nikageuka kutafuta brashi, nikarudi kikombe kinafuka moshi na kimejikunja kama karatasi. Koroga kidogokidogo, alasiri joto likianza kushuka. Ukiipaka asubuhi, hewa iliyo ndani ya mbao inapanuka kadiri jua linavyopanda na kukutolea mapovu.

Matundu ya bolti nayo hayatobolewi tu. Unatoboa kubwa kuliko bolti, unaziba chini kwa utepe, unajaza ipoksi iliyotiwa unga laini wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya njugu, unaacha igande, ndipo unatoboa katikati yake tundu la ukubwa kamili. Sasa hata muhuri ukipasuka siku moja, maji yatakutana na ukuta wa ipoksi, hayataiona mbao. Mdomo wa juu wa tundu unauchonga kidogo uwe kama faneli, ili gundi ya mpira ikibanwa ijikusanye pale izunguke bolti kama pete. Usikaze hadi gundi yote itoke nje. Wanaume wengi hukosea hapo, wanafikiri kubana ndiko kuziba.

Na ni bolti, si skrubu, yenye nati na washa pana upande wa chini. Kama huamini tofauti, chukua karatasi, pitisha uzi wenye fundo, vuta. Fundo linapita. Sasa pitisha uzi huohuo kwa kifungo cha shati kwanza, kifungo kikae nyuma ya karatasi, vuta tena. Hicho kifungo ndicho kibao cha chini. Ili bamba ling'oke sasa, lazima livute kibao kizima kipenye sitaha. Na usiishie kwa bamba la omo. Kapi linalogeuza kamba na kuirudisha ilikotoka linabeba mara mbili ya nguvu iliyo kwenye kamba yenyewe. Yaani ukivuta kilo 30, kapi linavutwa kwa 60. Nenda uangalie kile kinachoshikilia makapi yako.

Najua majibu. Nimeyasikia kwa kikao na nimeyasoma kwa grupu ya WhatsApp kabla sijatolewa.

La kwanza: tundu la ukaguzi linadhoofisha boti. Chumba kilichofungwa miaka 40 bila hewa kinatoa jasho ndani, na jasho hilo ndilo linaloozesha sitaha kutoka chini wakati wewe unapaka rangi juu. Kifuniko ukikifungua boti ikiwa nchi kavu, chumba kinapumua. Unachotakiwa ni kukumbuka kukifunga kabla ya kushuka majini. (Nimesahau mara moja. Ilikuwa karibu na ufuo, asante Mungu, na nililipia soda za watu wote.)

La pili: hizi ni boti za kizungu, zina utaalamu wake, tusizichezee. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, maana ni uongo wa pande mbili. Mirror ilichorwa kwa ajili ya watu wasio na ufundi wowote, waijenge wenyewe nyumbani. Mbao zake zilishonwa kwa waya wa shaba kisha maungio yakafunikwa kwa utepe wa faiba na resini. Zilishonwa! Hapa Pwani, Lamu na kwingineko, mtepe ulishonwa kwa kamba ya kumvi la nazi karne na karne bila msumari. Wewe unaniambia mtu wa pwani hii hawezi kuelewa boti iliyoshonwa? Na mzee wa Takaungu, akipiga msumari kwa mashua, kwanza anatoboa kwa keekee, kisha anazungushia msumari uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa, ndipo anaupiga. Ni ileile pete ya gundi kuzunguka bolti. Alikuwa anaijua kabla sisi hatujazaliwa. Tulimpa brashi.

La tatu: hakuna pesa. Hili nalisikiliza, kwa sababu mimi mwenyewe sina. Ipoksi ni ghali, bolti nzuri ni ghali, na siku tisa za kuanika ni siku tisa boti haiingizi kitu. Lakini klabu hiyohiyo ilipaka boti zote rangi mpya mwezi wa tisa, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja na kutakuwa na picha. Nilihesabu makopo. Rangi ile ingenunua ipoksi ya omo zote tisa na ikabaki. Kwa hiyo pesa ipo, tatizo ni kwamba ipoksi ikishakauka chini ya sitaha haionekani kwa picha. Nimeishi kwa nyumba za kupanga Nairobi, najua huo ugonjwa: ukuta unatoka jasho, ajenti anakuja na ndoo ya rangi.

La nne, na hili ni la vijana wenzangu: si mnunue tu mpya. Manze, na nani? Bei ya boti mpya ya faiba ikishafika bandarini na ushuru wake, hakuna mtoto wa Mnarani atakayeikalia. Boti hizi kuukuu za plaiwudi ndizo pekee zinazomruhusu mtoto asiye na mjomba tajiri ashike usukani. Yule msichana hakuwa mtoto wa mwanachama. Mamake anauza samaki. Alikuwa amepewa nafasi kwa ule mpango wa watoto wa kijiji ambao klabu inauandika kwa kila brosha. Boti za wanachama zimekaa ndani ya banda, vyuma vyao havichezi. Za watoto wa kijiji zinakazwa na kijana aliyetoka chuo mwaka wa tatu.

Hilo ndilo ningependa kamati ijibu, badala ya kunijibu kuhusu tundu.

Boti ile imerudi majini mwezi wa kumi na moja, kusi ilipoisha. Bamba halitikisiki. Nimelining'inia kwa mikono miwili, miguu juu, mzee akicheka. Tangu hapo tumefungua nyingine mbili, moja kwa ruhusa ya nusu-nusu ya mweka hazina, na ile ya tatu ilikuwa na kibao cha chini kilichobanduka vilevile, kona ileile. Zimebaki sita. Zote zimepakwa rangi mpya, nyeupe kabisa, na kila Jumamosi watoto wanazishusha.

Nilienda kwa mamake yule msichana nikamwambia yote, vijiti vya kiberiti na silikoni na mate. Alikuwa anapara samaki, hakuacha. Aliniuliza boti ziko ngapi. Nikamwambia. Akauliza ngapi zimefunguliwa. Nikamwambia. Akasema nirudi zikiisha.

Jumamosi hii tunafungua ya nne, alfajiri, maji yakiwa yamekupwa. Anayetaka kusaidia aje. Leta nguo usiyoijali, ipoksi haitoki.